Tusiwakataze watoto kupinduka, tuwafunze kuanguka

Muhula uliopita mtoto mmoja wa Gredi ya Pili alivunjika mkono katika shule ambayo mimi ni mmoja wa wanachama wa halmashauri yake. Sitaitaja shule hiyo, kwani yaliyotokea huko yangaliweza kutokea katika shule nyingine yoyote humu nchini. Siku hiyo wazazi walikuwa wamealikwa. Watoto walipangwa safu mbili katika ukumbi wa sakafu ya saruji, wakatandikiwa blanketi moja, kisha wakaamrishwa kupiga kichwangomba mmoja baada ya mwingine mbele ya wageni. Wa kwanza alifaulu na kupigiwa makofi. Wa pili alienda mrama, akaishia nje ya blanketi. Wa tatu, binti mdogo aliyekuwa akitetemeka tangu alipokuwa safuni, aliutanguliza mkono mmoja, akauangukia. Tulisikia kilio chake kabla hatujang'amua kilichompata.

Jumatatu iliyofuata, tangazo lilisomwa gwarideni. Kuanzia siku hiyo hakuna mtoto ambaye angeruhusiwa kukimbia, kuruka wala kupinduka katika uwanja wa shule, na kipindi cha mazoezi ya viungo kingetumiwa kwa kusoma. Halmashauri ilipokutana baada ya wiki mbili ili kuidhinisha amri hiyo, karibu kila mkono uliinuliwa. Wangu haukuinuka, na kwa kuwa siku hiyo sikupewa nafasi ya kujieleza kikamilifu, nimeona heri nijieleze hapa.

Kwanza niwatendee haki wenzangu. Mwalimu mkuu ana watoto wengi na walimu haba. Mtoto akiumia, si Wizara ya Elimu itakayokabiliana na baba mtu langoni, ni yeye. Na mama mmoja mzazi aliposimama mkutanoni akasema, "Wazee wangu, mimi nilimleta mwanangu hapa asome, kupinduka angepinduka nyumbani bila mimi kushona sare," watu walicheka, lakini katika kicheko hicho mlikuwa na hoja. Mzazi huyo aliamini kwamba mchezo ni kitu kimoja na masomo ni kitu kingine. Nani aliyemfunza hivyo kama si sisi wenyewe? Kwa miaka yote ya mfumo wa 8-4-4, tangu 1985 hadi mtihani wa mwisho wa KCPE ulipofanywa mwaka 2023, somo lisilotahiniwa halikuwa somo. Mazoezi ya viungo yaliandikwa katika ratiba, na mkaguzi alipokuja aliyaona katika ratiba, akaridhika, akaenda zake.

Hata hivyo, nilimwendea mwalimu wa darasa lile, kijana mpole ambaye naye alikuwa ameelemewa na huzuni. Nikamwuliza ni mara ngapi watoto wale walikuwa wamejaribu kupinduka kabla ya siku ya wageni.

"Mzee, nisikudanganye," akanijibu. "Mara mbili. Kipindi hicho huwa tunakitumia kwa hesabu."

Na kabla ya mara hizo mbili, je, waliwahi kufunzwa kubingirika? Kuruka na kutua? Kuubeba uzito wa mwili kwa mikono? Alitikisa kichwa. Basi nashikilia kwamba jimnastiki haikumvunja mkono binti yule. Kilichomvunja ni kudaiwa mwisho wa elimu ambayo hakuna aliyempa mwanzo wake. Na kwa kuwa tumeipiga marufuku michezo, watoto wenzake sasa hawatapewa mwanzo huo hata kidogo. Wataendelea kupanda miti, kuruka mitaro na kuteleza ngazini kama watoto wote tangu dunia iumbwe, tofauti ikiwa tu kwamba hawatakuwa wamefunzwa namna ya kuanguka.

Lakini je, Mtaala wa Umilisi si uliyatengeneza mambo haya? Ulipoanza kutumiwa kote nchini mwaka 2019, sisi tuliokuwa tukilalamika tulifurahi. Mtoto wa shule ya chekechea alitengewa shughuli za kuuchezesha mwili, na yule wa madarasa ya kwanza matatu akatengewa shughuli za mwendo na ubunifu. Katika karatasi, kubingirika, kusawazisha mwili na kuruka vilipata makao. Baadaye masomo yakaonekana kuwa mengi mno, na kwa kweli yalikuwa mengi. Mwaka 2024, kufuatia ripoti ya jopo la mageuzi ya elimu iliyotolewa mwaka uliotangulia, yakapunguzwa. Katika madarasa hayo ya chini lilibaki somo liitwalo Shughuli za Ubunifu, ambamo michezo, uchoraji na muziki vinaishi kama wapangaji watatu wa chumba kimoja. Neno "mwendo" limetoka katika jina. Huenda mtu akaniambia kwamba jina si kitu. Kwa mwalimu mwenye watoto sitini na mvua inayonyesha, jina ni kitu sana, kwa maana kati ya wapangaji hao watatu mchoro ndio usiovunja mkono wa mtu, nao hubandikwa ukutani mkaguzi akauona.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana elimu ya chekechea. Shule ya msingi ilibaki mikononi mwa serikali kuu. Mtoto wa miaka minne basi ni wa kaunti, na akifika sita huwa wa Wizara na wa Tume ya Huduma za Walimu. Sasa mambo ninayoyazungumzia, yaani kutua, kubingirika na kuubeba mwili kwa mikono, mahali pake hasa ni ile miaka ya kaunti. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza hudhani yalifanywa. Mwalimu wa chekechea, ambaye katika kaunti nyingi ameajiriwa kwa kandarasi na hana hakika ya mshahara wake, hudhani yatafanywa baadaye. Mtoto huvuka kutoka mkono hadi mkono akiwa hana kitu.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka namna tulivyopokelewa darasa la kwanza. Hakuna aliyeuliza cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alikuambia upitishe mkono wa kulia juu ya utosi na kuligusa sikio la kushoto. Ukilifikia, umekua, usipolifikia, ulirudishwa nyumbani ukachunge mbuzi mwaka mwingine. Tumekicheka sana kipimo hicho, ilhali kilikuwa na maarifa yake. Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kikilinganishwa na kiwiliwili, na mikono yake ni mifupi. Mtoto wa miaka mitatu akiinyosha mikono juu, ni kwa shida itaupita utosi wake. Mwinamishe mtoto kama huyo apige kichwangomba na mikono haitaweza kumbebea kichwa. Kichwa ndicho kitakachotangulia na shingo ndiyo itakayotwikwa mzigo. Ndiyo maana walimu wanaoijua kazi hii hawaanzii hapo. Huanzia mbali, na huanza kwa mchezo.

Ulimwenguni, wafunzi wa jimnastiki wamezoea kuigawa elimu hii katika mafungu sita: kutua, kutulia imara, kusafiri, kubembea, kuzunguka na kuchupa. Kila ajabu tunayoiona katika runinga wakati wa Olimpiki imefumwa kwa nyuzi hizo sita. La kwanza ni kutua, kwa maana kila anayepaa atarudi chini.

Nimeuona mchezo mmoja wa kutua ambao haukugharimu hata senti. Watoto husimama juu ya ngazi moja isiyozidi kimo cha magoti yao, nyasi zikiwa mbele. Mwenzao mmoja amekaa ameyafumba macho. Yeye ndiye mwenye boma. Hao wengine ni wezi wa mayai, nao huruka chini mmoja mmoja. Mwenye boma akisikia kishindo humnyoshea kidole aliyetua, na mwizi amekamatwa. Bila hotuba yoyote, mtoto hugundua kwamba ili asisikike yampasa kutua kwa nyayo mbili zilizoachana kidogo, apinde magoti na kunyosha mikono mbele. Mwalimu wa jimnastiki hulipwa fedha nyingi kwingineko kuyasema maneno hayohayo.

Kutulia imara hufunzwa kwa mchezo wa sanamu. Ngoma inalia, au debe, na watoto wanakimbia huku na huko. Inaponyamaza, kila mtu hugeuka sanamu mahali alipo. Kwanza sanamu ya miguu miwili, kisha ya mguu mmoja, kisha mwalimu huitisha sanamu iliyoigusa ardhi kwa viungo vitatu, na hapo utastaajabia mambo ambayo mtoto wa miaka mitano aweza kuyabuni. Huo ndio ubunifu ambao somo limepewa jina lake.

Halafu kuna wanyama. Kaa hutembea kwa mikono na nyayo huku tumbo likitazama mbingu. Mamba hujivuta. Chura huchupa. Nyani huenda kwa mikono na miguu, kiuno kikiwa juu. Watoto hawachoki kuwa wanyama, na wakati wote huo mabega, viganja na vifundo vya mikono, ambavyo maisha ya kukaa dawatini hayavipi kazi, vinajifunza kubeba mwili. Aliye muhimu kuliko wote ni sungura: mikono miwili inatua kwanza, kisha miguu miwili inaruka kuifuata. Laza kamba chini uiite mto, mwambie sungura aiweke mikono ng'ambo ya pili kisha avushe miguu bila kulowa. Mara ya kwanza miguu huinuka kidogo tu. Baada ya wiki kadhaa huinuka zaidi, na kiuno hupanda. Siku moja utaona kwamba mtoto yule, ambaye kwa maoni yake anavuka tu mto, anakaribia kuzunguka kwa mikono kama gurudumu. Hakuna aliyemwamrisha, na hakutetemeka safuni.

Kuzunguka nako kuna ngazi zake. Kwanza gogo: mtoto amelala, mikono juu, anabingirika kwenye nyasi ubavu hadi ubavu. Kisha yai: ameyakumbatia magoti, anabingirika akiwa duara. Kisha mtumbwi: ameketi, ameyakumbatia magoti, kidevu amekibana kifuani, anajitupa nyuma hadi mabegani na kurudi mpaka aketi tena, na akizoea, mpaka asimame bila kushika chini. Mtumbwi huu ndio unaolinda shingo, maana mgongo unajifunza kuwa duara. Hapo tu, na si kabla ya hapo, ndipo huja kichwangomba chenyewe, penye nyasi na mteremko mdogo, mikono ikiwa imebeba uzito, kisogo na mabega yakifika chini na utosi usiguse. Mwalimu mmoja mzee niliyemfahamu alikuwa akimpa kila mtoto jani moja la mwembe alibane kidevuni. Jani likidondoka kabla ya mwisho, mtoto alirudi kwenye mtumbwi. Hakuna aliyekemewa, jani ndilo lililosema.

Yote haya hayamalizwi kwa wiki mbili. Ni kazi ya miezi, na kwa mtoto mwingine ni ya mwaka mzima. Yapo pia ya kukatazwa, na katika haya mimi ni mkali kuliko mwalimu wetu mkuu. Asisukumwe mtoto anayeogopa. Yasifanywe mashindano ya nani amepinduka upesi. Asifunzwe mtoto wa umri huo kusimama kwa kichwa. Na saruji iachiwe wajenzi. Penye shule isiyo na nyasi, magunia yaliyojazwa majani makavu na kushonwa vyema yatafaa kwa gogo na yai, na wenzetu wa Pwani na wa kando ya Ziwa wana mchanga ambao hakuna duka linalouza godoro lililo bora kuliko huo. Wanasarakasi wengi waliotoka humu nchini kwenda kuonyesha ustadi wao ng'ambo walianzia mchangani au penye nyasi, wala si katika ukumbi.

Niliambiwa mkutanoni kwamba hayo ni mazuri kwa watoto ishirini, si kwa sitini. Hebu na tufanye hesabu, maadamu kipindi chenyewe kimekuwa cha hesabu. Somo katika madarasa ya chini huchukua dakika thelathini. Wapange watoto sitini foleni moja mbele ya blanketi moja, na kila mmoja atapata nusu dakika. Dakika ishirini na tisa na nusu zilizobaki atazitumia kusimama na kumsukuma mwenzake. Katika mchezo wa sanamu wote sitini wanakwenda kwa wakati mmoja. Foleni ndiyo isiyowezekana kwa watoto sitini. Mazoezi ya foleni na amri, ambayo sisi tuliyaita kwata, tuliyapokea katika enzi za ukoloni tukayatunza kama urithi. Waingereza wenyewe walikuwa na silabasi ya mwaka 1933 iliyojaa majedwali ya mazoezi, lakini katika miaka ya 1952 na 1953 wizara yao ilitoa vitabu viwili vilivyoiweka kando na kumpa mtoto nafasi ya kuugundua mwendo wake. Sisi bado tunahesabu moja, mbili, moja, mbili.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likisema kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji angalau dakika 180 za kuuchangamsha mwili kila siku, na katika hizo, 60 ziwe za kutweta hasa. Kwa wale wa miaka mitano na kuendelea, mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku. Hapo zamani, dakika hizo tulizipata bila kuzihesabu: tulicheza kati, tuliruka kamba na blada, tulisukuma magurudumu kutoka dukani hadi mtoni. Mtoto wa leo wa Nairobi hupelekwa kwa gari hadi shule iliyo katika orofa ya jengo, hurudi kwenye nyumba ya kupanga ambayo mlinzi wake amekataza mpira uani, na hupewa simu ili anyamaze. Hata viwanja vya shule za umma vimevamiwa. Sidhani kuna aliyesahau Januari ya mwaka 2015, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipofyatuliwa vitoa machozi kwa kosa la kuutetea uwanja wao wa kuchezea uliokuwa umezungushiwa ukuta. Uwanja ulirejeshwa. Nashindwa kuona maana ya watoto kuteteewa uwanja ikiwa sisi wenyewe tutautangaza kuwa mahali pa kusimama tu.

Wapo watakaofikiri nazungumzia medali. La. Ingawa mwaka 2024, huko Paris, Kaylia Nemour wa Algeria alishinda dhahabu katika mihimili ya wasichana, medali ya kwanza ya jimnastiki ya Olimpiki kuja barani Afrika, nami nilishangilia kama mtu mwingine yeyote, binti wa Gredi ya Pili hahitaji kuwa Nemour. Anahitaji kushuka katika matatu bila kuumia. Nao wenye nacho wameshalielewa jambo hili: katika mitaa yao watoto wa miaka minne hubingirika juu ya magodoro laini kila Jumamosi, na wazazi wao hulipa. Mchezo uleule uliokatazwa katika shule yetu bila gharama unauzwa kwingine kwa ada.

Halmashauri itakutana tena Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao. Nimemwandikia mwalimu mkuu barua nikiomba amri ile itazamwe upya, na nimeorodhesha ninavyotaka: magunia kumi na mawili, kamba nne, debe moja, ule mteremko wenye nyasi nyuma ya jiko, na ahadi kwamba hakutakuwa na maonyesho ya kichwangomba mbele ya wageni kwa mwaka mzima. Nimeomba pia walimu wa chekechea iliyo jirani, walio wa kaunti, waalikwe kuketi nasi, jambo ambalo nimeambiwa huenda likahitaji barua mbili zaidi. Mwalimu mkuu amesema atanisikiliza. Yule mama wa sare amesema atanipinga, na ni haki yake.

Binti mwenyewe ameondolewa plasta. Juma lililopita nilimkuta sokoni, mamake akichagua nyanya. Alikuwa amepanda kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, anaruka chini, anapanda tena, anaruka, mkono ule akiuficha nyuma ya mgongo. Aliruka mara nne nikimtazama. Kila mara alitua kwa visigino, magoti yamenyooka.